Mizinga Iliyofungiwa Ghalani: Jinsi Kompyuta Inavyopima Mchezo wa Sataranji

Mwezi Machi mwaka 2017, taasisi yenye jina la Bwana Roger Penrose, mwanahisabati mashuhuri wa Uingereza, iliwatolea walimwengu fumbo la sataranji. Katika fumbo hilo, mbali na mfalme wake, upande wa kete nyeusi ulikuwa na malkia mmoja, ngome mbili, maaskofu watatu na askari watano. Upande wa kete nyeupe ulikuwa na mfalme na askari wanne tu. Programu za kompyuta zilipoulizwa, zilijibu kwamba Nyeusi anashinda, tena kwa mbali. Lakini mtu ajuaye kucheza, hata kama si bingwa, akiutazama ubao ule kwa utulivu huona ya kuwa mchezo ule hauna mshindi. Ni sare.

Yawezekanaje mashine inayopitia mamilioni ya hatua kwa sekunde moja ishindwe na jambo ambalo mwanafunzi wa sekondari hulitambua? Katika makala haya tunakusudia kumweleza msomaji jibu la swali hilo, maana ndani yake mna funzo lisilokomea kwenye ubao wa sataranji: nguvu iliyoandikwa daftarini si lazima iwe ndiyo nguvu iliyoko uwanjani.

BEI YA KETE

Kwa faida ya wale wasioujua mchezo huu, tueleze kwa ufupi. Ubao wa sataranji una nyumba 64 za rangi mbili, nyeupe na nyeusi. Safu zake nane huitwa kwa herufi, kuanzia a hadi h, na mistari yake minane huitwa kwa tarakimu, kuanzia 1 hadi 8. Malkia huenda pande zote. Ngome huenda moja kwa moja. Askofu huenda mshazari, naye hatoki kamwe katika nyumba za rangi aliyoanza nayo. Farasi huruka juu ya wenzake. Askari husonga mbele wala harudi nyuma. Hukamata kwa mshazari, lakini akikuta kete nyingine usoni pake, husimama.

Hapo pa kusimama ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Askari wa pande mbili wakikutana uso kwa uso, hakuna awezaye kumsogeza mwenzake. Wakikutana hivyo watatu au wanne, hujengeka ukuta katikati ya ubao, na kete kubwa zilizo nyuma ya ukuta huo hukosa njia. Mchezo wa namna hiyo twauita mchezo uliofungika.

Sasa, kompyuta huupimaje ubao? Mwaka 1950 mtaalamu wa Marekani, Bwana Claude Shannon, alichapisha makala iliyoonyesha njia ambayo watunga programu waliifuata kwa miaka mingi. Alisema kila kete ipewe bei yake: malkia 9, ngome 5, askofu 3, farasi 3, na askari 1. Mfalme alipewa 200, kwa kuwa akikamatwa mchezo umekwisha. Mashine ijumlishe bei za upande huu, itoe za upande ule, kisha jibu ndilo liwe kipimo. Aidha, Bwana Shannon alipunguza nusu ya bei ya askari kwa kila askari aliye katika hali mbaya, na akaongeza sehemu moja ya kumi kwa kila hatua ambayo upande fulani unaweza kuicheza.

Kwa hiyo tangu mwanzo wataalamu walijua kwamba uhuru wa kutembea una thamani yake. Mwingereza Alan Turing, aliyeandika kanuni za mchezo wa namna hii pamoja na David Champernowne mwaka 1948, naye aliuhesabu uhuru huo. Yeye alichukua kipeuo cha pili cha idadi ya hatua za kete, na kwa njia hiyo hatua chache za kwanza zikawa na uzito kuliko zile za mwisho. Mwaka 1952 alizicheza kanuni zake kwa karatasi na kalamu dhidi ya Bwana Alick Glennie, na kanuni zikashindwa katika hatua ya 29.

KASORO ILIYOJIFICHA

Hebu tuichunguze hesabu ya Bwana Shannon kwa makini. Katika ubao mtupu, malkia aliyesimama katikati ana hatua 27. Kila hatua ikiongeza sehemu moja ya kumi, uhuru wake wote una thamani ya 2.7. Maana yake, malkia aliyezibwa kila upande, asiyeweza kusogea hata nyumba moja, hupunguziwa 2.7 tu. Ile 9 yake hubaki pale pale, kana kwamba yumo vitani. Ngome nayo, ikinyang'anywa hatua zake zote 14, hupoteza 1.4, lakini huendelea kuhesabiwa 5.

Turudi sasa kwenye fumbo la mwaka 2017. Ukijumlisha kwa bei hizo, Nyeusi ana 33 na Nyeupe ana 4. Lakini tazama mahali zilipo kete zenyewe. Malkia mweusi yuko a5, ngome ziko b5 na a4, na mfalme wao yuko a6. Wote hao wamebanwa pembeni na askari wao wenyewe pamoja na askari wa adui. Malkia hana hatua hata moja. Ngome zote mbili hazina hata moja. Mfalme wao hana pa kwenda. Askari wao wote watano wamesimamishwa. Kete zinazoweza kutembea ni maaskofu watatu peke yao, na wote watatu wamo katika nyumba za rangi nyeusi. Mfalme mweupe akizunguka katika nyumba nyeupe tu, hakuna atakayemgusa hadi kiama.

Nyeupe anatakiwa ajihadhari na jambo moja: tamaa. Askari wake wawili wanaweza kuzikamata ngome zile wakati wowote. Lakini akikamata, amevunja ukuta kwa mkono wake mwenyewe, na malkia mweusi atatoka nje. Basi asikamate. Azunguke tu. Nyeusi naye hana la kufanya ila kuwarudisha na kuwapeleka maaskofu wake, huku wakimlinda yule askari mweupe wa c6 asije akapenya na kupandishwa cheo.

Sisi tuliofunzwa mambo ya jeshi hatuoni ajabu katika fumbo hilo. Mizinga iliyofungiwa ghalani, na ufunguo wa ghala uko mikononi mwa adui, haihesabiwi katika nguvu za siku ile. Mashine iliihesabu kwa sababu iliamriwa kuihesabu.

UPEO WA MACHO

Msomaji atauliza: je, mashine haitazami mbele? Hutazama, tena mbali. Ile mashine ya Deep Blue iliyomshinda bingwa Garry Kasparov mwaka 1997 huko New York ilikuwa na uwezo wa kupima hali za ubao milioni 200 kwa sekunde. Lakini kutazama mbele kuna mpaka. Mwaka 1973 Bwana Hans Berliner wa Marekani aliueleza udhaifu huo kwa mfano wa upeo wa macho: jambo lililo nyuma ya upeo, kwa mashine, ni kama halipo.

Katika mchezo ulio wazi udhaifu huo hauonekani sana. Kete hugongana upesi, mmoja hukamatwa, na hesabu hubadilika mara moja. Katika mchezo uliofungika mambo ni kinyume. Mpango wa kweli waweza kuhitaji hatua ishirini: kumhamisha mfalme, kumzungusha farasi, kumleta askari mmoja hadi penye ufa. Katika hatua kumi za kwanza hakuna kinachokamatwa, wala bei haibadiliki. Mashine huona njia zote ni sawa, na kwa kuwa njia zote ni sawa, hucheza lolote.

Kwa hiyo kasoro zilikuwa mbili, nazo zilisaidiana. Mashine ilitoa bei isiyo ya kweli kwa kete iliyozibwa, kisha haikuona mbali vya kutosha ili igundue kwamba bei ile si ya kweli.

Werevu waliitambua siri hiyo mapema. Mwaka 1968 mchezaji wa Uskoti, Bwana David Levy, aliweka dau na wataalamu kadhaa wa kompyuta kwamba katika muda wa miaka kumi hakuna mashine itakayomshinda. Mwaka 1978, mjini Toronto, alikutana na programu iliyoitwa Chess 4.7. Silaha yake ilikuwa subira: hakufungua ubao, hakutafuta mapigano, alingoja mashine ijiharibie. Alishinda kwa pointi 3.5 kwa 1.5, na dau akalichukua. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

UKUTA WA NEW YORK

Mfano ulio bora kuliko yote ulipatikana mwezi Novemba 2003, mjini New York pia. Bwana Kasparov alikuwa akicheza michezo minne na programu ya X3D Fritz. Mchezo wa kwanza ulikuwa sare. Wa pili alishindwa. Katika mchezo wa tatu, tarehe 16 Novemba, alicheza na kete nyeupe akajenga ukuta. Kufikia hatua ya 12 askari wake walikuwa wamesimama b6, c5, d4 na e3, wakitazamana na askari weusi wa b7, c6, d5 na e4. Katikati pote palikuwa pamezibwa.

Mchezaji mzoefu aliyeshika nyeusi angejua la kufanya. Ukuta ukishafungika, kila upande husonga pale askari wake wanapoelekeza. Nyeupe alikuwa na nafasi upande wa malkia. Nyeusi alipaswa kumsukuma askari wa safu ya f, ili apate mlango upande wa mfalme. Fritz haikumsukuma. Tangu mwanzo hadi mwisho wa mchezo, askari yule hakuondoka f7. Katika hatua ya 14 mashine ilimpeleka askofu d6, na katika hatua ya 15 ikamrudisha e7. Malkia alitembezwa hadi h6, kisha g6, kisha e6, pasipo kazi.

Kasparov naye alifanya jambo ambalo katika mchezo ulio wazi lingekuwa wazimu. Alimtembeza mfalme wake kwa miguu, kutoka e1 hadi d1, c1, b2 na hatimaye a1, huku ubao ukiwa bado umejaa kete za adui. Hakuwa na hofu, maana alijua ukuta unamlinda. Kisha akakusanya nguvu zake upande wa malkia polepole, na katika hatua ya 45 waliokuwa wakiiendesha Fritz wakasalimu amri. Mchezo wa nne ulikuwa sare, na shindano likamalizika kwa pointi 2 kwa 2.

Mwaka 2008 ikatokea hadithi nyingine. Bwana Hikaru Nakamura wa Marekani alicheza mchezo wa haraka na Rybka, iliyokuwa miongoni mwa programu zenye nguvu kuliko zote wakati ule. Ubao ulifungika kabisa. Rybka ilijiona iko mbele kwa bei ya kete. Pande zote mbili zikawa zinasogeza kete huku na huku. Lakini sataranji ina sheria: zikipita hatua 50 bila askari kusogea wala kete kukamatwa, mchezo waweza kuwa sare. Mashine iliyoamini kwamba inashinda haikutaka sare. Ili kuikwepa sheria ile, ikaufungua ukuta wake yenyewe, na Nakamura akaingia. Mchezo uliendelea kwa zaidi ya hatua 250 na mashine ikashindwa. Haikuponzwa na upungufu wa kasi. Iliponzwa na imani yake katika namba isiyo ya kweli.

DAWA ZA WATUNGA PROGRAMU

Watunga programu hawakukaa kimya. Kwa miaka mingi walikuwa wakiongeza kanuni za kuirekebisha bei ya kete kufuatana na mahali ilipo. Tutataja chache.

Kwanza, uhuru wa kutembea haukuhesabiwa tena ovyo. Katika programu ya Stockfish, mathalani, nyumba inayolindwa na askari wa adui haikuhesabiwa kuwa njia ya farasi au askofu, kwa kuwa atakayeingia humo atakamatwa. Nyumba iliyokaliwa na askari wa kwetu aliyezibwa haikuhesabiwa pia.

Pili, askofu mbaya alipunguziwa bei. Askofu mbaya ni yule ambaye askari wa upande wake wamesimama katika nyumba za rangi yake, wakamziba. Kadiri askari hao walivyo wengi, na kadiri askari wa katikati walivyozuiwa, ndivyo alivyozidi kupunguziwa.

Tatu, farasi alipandishwa thamani katika msongamano. Mwaka 1999 Bwana Larry Kaufman wa Marekani, baada ya kuchunguza idadi kubwa ya michezo ya mabingwa, alipendekeza farasi aongezewe sehemu moja ya kumi na sita ya bei ya askari kwa kila askari wa upande wake anayezidi watano, na ngome ipunguziwe sehemu moja ya nane. Sababu yake ni dhahiri: farasi huruka ukuta, ngome haiwezi.

Nne, mitego inayojulikana iliandikwa moja moja. Mfano wa mtego huo ulionekana mwaka 1972 mjini Reykjavik, katika mchezo wa kwanza wa Bobby Fischer na Boris Spassky. Katika hatua ya 29 askofu wa Fischer alimkamata askari wa h2 pembezoni mwa ubao. Spassky akamsogeza askari wa g hadi g3, na mlango ukafungwa. Fischer aliupoteza mchezo ule, ingawa alilitwaa taji mwishoni. Programu nyingi zikafundishwa: askofu aliyeingia katika kona ya namna hiyo, akafungiwa na askari, asihesabiwe bei kamili.

Dawa hizo zilisaidia, lakini kila moja ilikuwa na namba iliyochaguliwa na binadamu. Apunguziwe kiasi gani askofu aliyezibwa nusu? Na ikiwa ukuta utafunguka baada ya hatua nane? Kanuni zikiwa mamia, hugongana zenyewe kwa zenyewe.

MASHINE ILIYOJIFUNZA

Mageuzi yalikuja pale mashine ilipoacha kuandikiwa bei. Mwezi Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ya London ilitangaza programu ya AlphaZero, iliyopewa sheria za mchezo tu, ikajifunza kwa kucheza na nafsi yake. Katika michezo 100 na Stockfish ya wakati ule, ilishinda 28, na 72 ikawa sare. Wachambuzi walistaajabu kuona jinsi ilivyokuwa tayari kutoa askari, na hata kete kubwa zaidi, ili tu kete za adui zibaki zimebanwa pembeni. Haikuwa imefundishwa na mtu kwamba kete iliyozibwa ni nusu ya kete. Iligundua yenyewe kwa kushinda na kushindwa.

Njia nyingine ya kujifunza ilibuniwa mwaka 2018 na Bwana Yu Nasu wa Japani kwa ajili ya shogi, sataranji ya nchi ile. Stockfish iliichukua njia hiyo katika toleo lake la 12, mwezi Septemba 2020. Kufikia toleo la 16.1, mwezi Februari 2024, zile kanuni zilizoandikwa kwa mkono zilikuwa zimekwisha kuondolewa. Siku hizi programu haiulizi kwanza bei ya askofu kisha hali ya ukuta. Huutazama ubao mzima kwa pamoja, na thamani ya askofu haitenganishwi na askari wanaomziba.

Je, kasoro imekwisha? La hasha, imepungua. Hata leo zipo hali za ubao uliozibwa kabisa ambapo programu huonyesha kwamba upande mmoja uko mbele kwa pointi mbili au tatu, na hatua zikapita, namba ikabaki ile ile, na mlango usionekane. Ndiyo maana Stockfish hupunguza kipimo chake kadiri ile hesabu ya hatua 50 inavyosonga: mashine inakumbushwa kwamba ushindi usiokaribia huenda si ushindi.

MANENO KWA VIJANA WETU

Twayasema haya kwa sababu vijana wengi wa vilabu na mashuleni sasa hujifunza sataranji kwa kutazama namba katika simu. Namba ikisema mbele, hufurahi. Ikisema nyuma, hukata tamaa. Wanajizoeza kutii kabla hawajajizoeza kuona.

Wakumbuke yaliyompata Kasparov mwenyewe mwaka 1997. Katika mchezo wa pili na Deep Blue, baada ya kubanwa kwa muda mrefu, alisalimu amri katika hatua ya 45. Siku iliyofuata aliambiwa na watu wake kwamba ilionekana palikuwa na njia ya kupata sare. Bingwa wa dunia hakuitafuta njia hiyo hadi mwisho kwa kuwa aliamini kwamba mashine imekwisha kuona kila kitu. Katika shindano lililokwisha kwa pointi 3.5 kwa 2.5, nusu pointi haikuwa kitu kidogo.

Basi kijana akikuta ubao umefungika, kabla ya kuitazama namba ajiulize maneno manne. Kete zangu ngapi zinaweza kutembea, na ngapi ni za daftarini tu? Ukuta huu waweza kufunguliwa wapi, na ni nani mwenye ufunguo? Ukifunguliwa, ni nani atakayefika kwanza mlangoni? Na usipofunguliwa kabisa, je, aliye mbele atashinda kwa njia gani?

Akisha kuyajibu hayo kwa macho yake, aifungue simu na kulinganisha. Namba na jibu lake vikipatana, ameongeza elimu. Visipopatana, asikimbilie kulifuta jibu lake. Aisogeze mashine mbele hatua kumi, ishirini, thelathini, aone kama namba ile inakua au imesimama. Ikisimama, na kete bado ziko pale pale, atakuwa amejua jambo ambalo namba peke yake isingemwambia.